Foklifti za njia nyembamba: jinsi ya kupima ghala, kuchagua mashine na kuiweka kazini

Ghala likijaa hadi paleti zinapangwa mlangoni, wenye mali wengi huanza kutafuta ghala la pili. Kabla hujasaini mkataba wa kodi nyingine, simama katikati ya raki zako utazame chini. Foklifti ya kawaida ya tani 2.5, ile yenye chuma kizito mgongoni, inahitaji njia ya mita 3.5 hadi 4 ili igeuke na kuingiza paleti kwenye raki. Kwenye magodauni mengi ya Vingunguti na Kurasini, Dar es Salaam, au Industrial Area ya Nairobi, nafasi hiyo ya kugeukia inakula sakafu kubwa kuliko mizigo yenyewe.

Foklifti za njia nyembamba zimetengenezwa kumaliza tatizo hilo. Muuzaji atakuanzishia na katalogi, lakini uamuzi wenyewe uko kwenye paleti, sakafu na mlango wa ghala lako. Vipime hivyo kwanza. Aliyenunua mashine kabla ya kupima ndiye utakayemkuta anahamisha raki usiku, au amepaki foklifti mpya kwenye kona kwa sababu haipandi ngazi ya juu na mzigo wake.

Hatua ya 1: Pima paleti ikiwa na mzigo

Vipimo vya paleti viko vingi. Ya kawaida viwandani ni milimita 1200 kwa 1000, ile ya Ulaya ni 1200 kwa 800, na shehena kutoka Japani huja kwenye paleti ya mraba ya 1100 kwa 1100. Ghala moja la Dar es Salaam linaweza kuwa na zote tatu kwa wiki moja.

Usipime mbao tupu. Pima mzigo ulio juu yake, maana mifuko ya unga au saruji hutanuka pembeni, na paleti ya 1000 ikafika 1080 bila mtu kugundua. Andika vitu vinne: upana mkubwa kabisa, urefu wa kuingia ndani ya raki, kimo kutoka sakafuni hadi juu ya mzigo, na uzito wa paleti nzito kuliko zote uliyowahi kupokea. Wastani hausaidii hapa, kwa sababu ni ile paleti moja mbaya itakayokwama kwenye nguzo.

Hatua ya 2: Zijue aina za mashine

Ya kwanza ni foklifti ndogo ya umeme yenye magurudumu matatu. Inageuka vizuri kidogo kuliko ya magurudumu manne, na njia yake hushuka hadi karibu mita 3.3. Ni nafuu ndogo, sitaijadili zaidi.

Ya pili ni richi traki, na hii ndiyo farasi wa kazi wa maghala mengi duniani. Ina miguu miwili iliyonyooka mbele yenye magurudumu madogo, na mlingoti, yaani nguzo ndefu inayobeba meno ya kuinulia, unaosogea mbele na nyuma kati ya miguu hiyo. Dereva anapeleka meno mbele, anachukua paleti, anaivuta ndani, ndipo anageuza mashine. Kwa kuwa mzigo unakaa ndani ya urefu wa mashine, njia ya mita 2.7 hadi 3 inatosha, na zipo zinazoinua zaidi ya mita 10. Udhaifu wake uko chini: magurudumu madogo magumu na tumbo karibu na sakafu. Hapandi rampu mbovu, hatoki uwanjani penye kokoto, na mvua haimfai. Kumbuka hilo, maana kazi ya nje itahitaji mashine nyingine, na hiyo inaingia kwenye bajeti.

Ya tatu ni foklifti inayojipinda kiunoni. Sehemu ya mbele yenye mlingoti hukunja kulia au kushoto huku mwili ukibaki umenyooka ndani ya njia. Chapa zinazojulikana ni Bendi, Flexi na Aisle-Master, na hii ya mwisho inatoka Ireland kwa Combilift. Njia ya mita 2 hivi inatosha, na modeli kadhaa huenda chini ya hapo. Uzuri wake mkubwa kwa mazingira yetu ni kwamba inatoka nje: inashusha lori uwanjani na kupeleka paleti moja kwa moja hadi kwenye raki. Mashine moja inafanya kazi ya mbili.

Ya nne mafundi huiita VNA, kifupi cha Kiingereza cha “njia nyembamba sana”. Mashine haigeuki kabisa ndani ya njia. Meno ndiyo yanayozunguka kushoto na kulia. Njia ni mita 1.6 hadi 1.9. Kwenye modeli nyingi kijumba cha dereva hupanda pamoja na mzigo, na mashine huongozwa na waya uliozikwa sakafuni au reli zilizofungwa pande mbili za njia. Ni mashine nzito na ya bei kubwa, na mwisho wa kila njia inadai uwanja mpana wa kuhamia njia nyingine.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya safu kabla ya kuomba bei

Chukua mfano wa ghala lenye upana wa ndani wa mita 22 na urefu wa mita 36, ukiacha nje eneo la kupokelea mizigo. Paleti ni 1200 kwa 1000, zinaingia kwenye raki kwa ule urefu wa 1200. Raki mbili zikiegemeana mgongo, pamoja na mwanya wa sentimita 10 kati ya mizigo, zinachukua mita 2.5. Safu moja iliyo ukutani inachukua mita 1.25.

Ukiwa na foklifti ya kawaida na njia ya mita 3.8, kila njia pamoja na safu zake mbili inakula mita 6.3. Zinaingia njia tatu, yaani safu 6, na mita 3.1 zinabaki bila faida. Kwa richi traki na njia ya mita 2.9, kipimo kinashuka hadi mita 5.4. Zinaingia njia nne, safu 8, na inabaki mita 0.4 tu. Kwa foklifti ya kujipinda na njia ya mita 2.1, zinaingia njia nne kamili na ya tano yenye safu upande mmoja, jumla safu 9. Kwa VNA na njia ya mita 1.7, ni njia tano na safu 10.

Sasa kwa urefu: fremu za kubeba paleti tatu tatu zinahitaji kama mita 3.4 kila moja. Fremu nane ni mita 27 na kitu, zinabaki mita 8 na ushee za kupitia kwenye ncha mbili. Kila safu ina paleti 24 kwa ngazi, na kwa ngazi nne ni 96. Hivyo foklifti ya kawaida inakupa nafasi 576, richi traki 768, ya kujipinda 864, na VNA 960.

Tazama mruko ulipo. Kutoka ya kawaida kwenda richi traki umepata nafasi 192 kwa kubadilisha mashine na kusogeza raki. Kila hatua baada ya hapo inaongeza 96, na gharama inapanda haraka kuliko faida. Kwenye ghala lako namba zitatofautiana, na nguzo moja ya paa katikati ya njia inaweza kufuta safu nzima, kwa hiyo chora ramani na nguzo zote ndani yake.

Jambo moja linalowaangusha wengi: njia inapimwa kutoka mzigo hadi mzigo, si kutoka chuma hadi chuma. Paleti hutokeza mbele ya raki, mara nyingi sentimita 5 hadi 10 kila upande. Kwenye karatasi ya vipimo ya mtengenezaji utakuta herufi Ast, ndiyo upana wa njia unaohitajika. Karatasi zinazofuata mwongozo wa Kijerumani wa VDI 2198 zimeshaweka humo akiba ya milimita 200, yaani 100 kila upande. Hakikisha Ast hiyo imepigwa kwa paleti kama yako. Mimi ningeongeza sentimita 10 au 15 nyingine kwa madereva wapya.

Kwa richi traki, angalia pia ngazi ya chini. Paleti iliyo sakafuni lazima inyanyuliwe ipite juu ya miguu ya mashine kabla ya kuvutwa ndani, isipokuwa iwe nyembamba kiasi cha kupita katikati ya miguu. Boriti ya kwanza ikiwekwa karibu mno na mzigo, paleti za chini hazitatoka. Pima kimo cha miguu, kiongeze kwenye nafasi ya ngazi hiyo.

Hatua ya 4: Sakafu ndiyo yenye kauli ya mwisho

Hapa usiwe na haraka. Magodauni mengi ya zamani yalimwagiwa zege kwa ajili ya magunia yaliyopangwa chini, na hakuna aliyefikiria mlingoti wa mita 10.

Ubaya wa sakafu unaongezeka kadiri meno yanavyopanda. Tuseme magurudumu ya kushoto na kulia yako mita 1.2 mbali, na upande mmoja wa sakafu uko chini kwa milimita 5, tofauti ambayo jicho halioni. Mlingoti ukiwa mita 6 juu, ncha yake imeegemea pembeni milimita 25. Ukiwa mita 10, ni milimita 42. Hapo hujahesabu chuma kinavyopinda chenyewe wala mashine inavyotikisika ikitembea. Nafasi kati ya paleti na nguzo ya raki kwa kawaida ni milimita 75 hadi 100, kwa hiyo karibu nusu imeshaliwa kabla dereva hajafanya kosa lolote.

Wahandisi hutumia viwango kama TR34 cha Uingereza au DIN 15185 cha Ujerumani. TR34 kinatenganisha sakafu ambazo mashine hutembea popote, kama richi traki, na zile ambazo mashine hupita kwenye mstari uleule kila siku, kama VNA. Kwa VNA, sakafu hupimwa kwenye mapito yenyewe ya magurudumu. Ukisikia muuzaji wa VNA haulizi habari ya sakafu, tafuta mwingine.

Kwa ukaguzi wa awali unaweza kujifanyia mwenyewe. Tafuta ubao wa alumini ulionyooka wa mita 3, ulaze sakafuni palipokusudiwa njia, kwa urefu na kwa upana, uchomeke kabari au sarafu kwenye mianya. Weka alama ya chaki kila panapozidi milimita 4 au 5. Maungio ya zege yaliyomeguka kingo yaandike pia, maana magurudumu madogo ya richi traki yanayagonga kama nyundo. Matokeo yakikutia wasiwasi, mlete mpima ardhi mwenye leza. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kusaga au kumwaga upya zege.

Halafu kuna uzito. Kwenye mfano wetu, ngazi tatu za juu zinabebwa na boriti, kila fremu ina paleti tatu kwa ngazi, na tukisema tani moja kila paleti, ni tani 9. Kila jozi ya nguzo za katikati inabeba tani 9, yaani tani 4.5 kwa nguzo moja, kwenye kibati cha chini kinachokaribia ukubwa wa kiganja. Mhandisi wa ujenzi aseme kama zege lako, kwa unene lilio nao, linahimili. Swali hilo usimwachie muuza raki peke yake.

Msimamo wangu: kwa ghala la zamani lenye paa la mita 6 au 7, VNA haistahili. Inalipa kwenye jengo jipya, refu kwenda juu, ambalo sakafu yake ilimwagwa kwa ajili yake. Kama una uwanja na malori yanashushia nje, fikiria ya kujipinda. Kama una foklifti ya kawaida inayobaki kushusha malori na kazi ya ndani ni kubwa, richi traki inakutosha.

Hatua ya 5: Soma kibao cha uwezo

Jina la modeli likisema 1.6, hiyo ni tani 1.6 chini, katikati ya mzigo ikiwa umbali fulani kutoka kifua cha meno, kwa kawaida milimita 600 kwa richi traki. Juu kabisa uwezo huo hushuka sana, unaweza kufika tani moja au chini yake. Omba kibao cha mashine ileile unayouziwa, chenye mlingoti uleule, na usome mstari wa kimo chako. Kama paleti yako nzito ni kilo 1,250 na boriti ya juu iko mita 4.8, unataka kuona kilo 1,250 au zaidi kwenye mstari wa mita 5, kwa sababu meno lazima yapite juu ya boriti kidogo.

Angalia pia vimo viwili vya mlingoti: ukiwa umekunjwa, upite chini ya mlango na mabomba, ukiwa umenyooshwa, usiguse taa wala kenchi za paa.

Hatua ya 6: Umeme na betri

Karibu mashine zote za ndani ni za umeme. Richi traki nyingi hutumia betri ya volti 48. Yenye uwezo wa Ah 600 inahifadhi kama kWh 29, na kuichaji kutoka karibu tupu utalipia zaidi ya hapo kwa sababu chaja na betri hupoteza sehemu. Betri ya risasi na asidi huchukua saa 8 hadi 10 kujaa, na inataka kupoa kabla ya kazi. Zamu moja haina shida. Zamu mbili zinahitaji betri ya pili, au litiamu inayochajiwa wakati wa chakula.

Usiishushe betri ya asidi chini ya asilimia 20. Maji yaongezwe baada ya kuchaji, yawe ya betri, si ya bomba. Na maji ya kisima ya Dar es Salaam yenye chumvi yanaua seli kimyakimya. Chumba cha kuchajia kiwe na hewa inayopita juu, kwa sababu haidrojeni hupanda darini, na sigara au mashine ya kuchomelea visikaribie. Mchana, chini ya paa la bati, betri hupata joto kali, kwa hiyo chaji usiku. Kama umeme wa mtaa wako hukatika, mpe fundi wa jenereta hesabu ya chaja zote pamoja.

Betri pia ni uzito wa kuzuia mashine isipinduke. Kibao kitakuambia uzito wa chini unaoruhusiwa. Ukibadilisha kwenda litiamu, ambayo ni nyepesi, lazima chuma cha kufidia kiongezwe.

Hatua ya 7: Ukinunua iliyotumika

Mashine nyingi zinazoingia bandarini zimeshafanya kazi nje. Za Japani ni imara na bei yake inavutia, ila zina mtego: chaja nyingi hutaka umeme wa fezi tatu wa volti 200, wakati wa kwetu ni volti 400. Weka transfoma kwenye bajeti kabla ya kulipa.

Kagua minyororo ya kuinulia. Pima viungo kadhaa kwenye sehemu inayofanya kazi zaidi, ulinganishe na urefu wa mnyororo mpya. Ukirefuka kwa asilimia 3, unabadilishwa. Meno yapime kwenye kona ya chini yanapokunja: unene ukipungua kwa asilimia 10, hayatumiki tena. Betri ya volti 48 ina seli 24, zipime zote kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, baada ya kuchaji. Seli nzima husoma karibu 1.28, na moja au mbili zilizobaki nyuma sana ndizo zitakazokuangusha. Mwisho inua mzigo, zima, subiri dakika kumi, uone kama umeshuka. Ukishuka, haidroliki inavuja ndani.

Hatua ya 8: Dereva na waenda kwa miguu

Dereva hodari wa foklifti ya kawaida si dereva wa richi traki hadi afundishwe. Anakaa ubavu, gurudumu la kuendesha na kukata kona liko upande wake, na mkia unafagia pembeni. Mpe siku kadhaa kwenye njia tupu kwa paleti za zamani kabla ya bidhaa za wateja. Mafunzo ya kuendesha foklifti hutolewa na vyuo kama VETA. Cheti kiwe cha aina ya mashine anayoendesha. OSHA kwa Tanzania, na DOSHS kwa Kenya, ndio wanaosimamia usalama wa kazi na ukaguzi wa mashine za kunyanyulia, kwa hiyo weka kumbukumbu za ukaguzi mahali zinapopatikana.

Kwenye njia ya mita 2.9 hakuna pa kumkwepa mtu. Sheria iwe moja: foklifti ikiwa ndani, watu wa kuhesabu bidhaa hawaingii, na watu wakiwa ndani, mnyororo unafungwa mdomoni mwa njia. Hakuna kutembea na mlingoti uliopanda, wala kumpandisha kijana juu ya paleti achukue katoni. Funga vikinga vya chuma kwenye nguzo za mwisho za raki, ndizo zinazogongwa kwanza, na nguzo iliyopinda ipunguziwe mzigo siku hiyohiyo.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, dereva achungulie magurudumu ya mbele. Nailoni ya kufungia paleti hupenda kujizungusha kwenye ekseli zake. Ikisagika inaingia kwenye beringi, na gurudumu linaanza kukwaruza zege badala ya kuzunguka. Kisu kidogo na dakika mbili vinatosha. Likishaota bapa upande mmoja, linatikisa mlingoti mzima, na kule juu ndiko utakakoliona.

Hatua ya 9: Ipokee kwa jaribio, si kwa picha

Zuia sehemu ya malipo hadi mashine ifanye kazi ndani ya ghala lako. Chukua paleti nzito kuliko zote, ipelekwe fremu ya mwisho kabisa ya njia, ngazi ya juu, iwekwe na kutolewa kushoto na kulia. Rudia kwenye sehemu zenye chaki za sakafu. Fundi wa muuzaji awepo, na dereva awe wako, si wake. Paleti ikigusa nguzo, au dereva akilazimika kurudi nyuma mara tatu ili ainyooshe, pima njia upya pamoja na muuzaji hapohapo, kabla hati ya makabidhiano haijasainiwa.